Benki Inapokodi Jina la Ukumbi: Soma Mkataba Kuanzia Mwisho

Washington Mutual ilifungwa na wasimamizi wa mabenki wa Marekani tarehe 25 Septemba 2008. Hadi leo haijaanguka benki kubwa kuliko hiyo nchini humo. Biashara yake iliuzwa kwa JPMorgan Chase kwa dola bilioni 1.9 na vibao vyake vikaanza kung'olewa. Wakati huo kulikuwa na kumbi mbili zilizobeba jina lake la mkato, WaMu. Mmoja ulikuwa New York, ndani ya Madison Square Garden, na mwingine Seattle, kando ya uwanja wa mpira. Wa New York uliachana na jina hilo. Wa Seattle umeendelea kuitwa WaMu Theater, na wapo vijana wanaokata tiketi pale bila kujua kwamba WaMu iliwahi kuwa benki.

Bodi za kumbi zinapokaa kujadili haki za jina, yaani ruhusa ya mdhamini kuuita ukumbi kwa jina lake kwa malipo, huanza na bei. Miezi inapita kwenye bei, wiki zinapita kwenye nembo, na vifungu vya mwisho vya mkataba, vile vya kuvunjika, kumezwa na kuondoka, vinapitiwa haraka jioni moja kabla ya kutia saini. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Ukumbi hauuzi jina, unalikodisha, na mwenye nyumba mwenye akili hujiuliza kwanza mpangaji atatokaje.

Sababu za benki kutaka jina zinaeleweka. Akaunti ya akiba ya benki moja haitofautiani sana na ya jirani yake, matawi yanapungua, na watazamaji wa tamthilia na matamasha aghalabu ni watu wenye fedha ya ziada mfukoni. Ukumbi wa viti 2,000 ulio katikati ya mji hutajwa redioni, kwenye tiketi, kwenye ramani za simu na kinywani mwa dereva wa teksi, kwa sehemu ndogo ya gharama ya jina la uwanja mkubwa wa michezo.

Majina ya benki hayakai

Mwaka 1984 Marekani ilikuwa na benki za biashara zaidi ya 14,000. Leo zimebaki kama 4,000. Nyingi ya zilizopotea hazikufilisika: zilinunuliwa au ziliungana. Kwa hiyo ukisaini miaka kumi na benki ya ukubwa wa kati, uwezekano kwamba mkataba utamalizikia mikononi mwa benki nyingine si wa kupuuzwa.

Jumba moja la Chicago lilifunguliwa mwaka 1906 na kwa miongo kadhaa likajulikana kama Shubert. Mwaka 2006 likawa LaSalle Bank Theatre. Bank of America ikainunua LaSalle, na mwaka 2008 likawa Bank of America Theatre. Mwaka 2015 likawa PrivateBank Theatre. Mwaka 2017 CIBC ya Kanada ikainunua PrivateBank, likawa CIBC Theatre. Majina manne katika miaka 11, milango ile ile. Ukumbi wa wazi wa muziki ufukweni Boston, ulioanza kwa jina tamu la Harborlights, umepita kwa BankBoston, FleetBoston, Bank of America, Blue Hills Bank, Rockland Trust na sasa Leader Bank. Rockland Trust iliinunua Blue Hills mwaka 2019, na mwaka uliofuata jina likabadilika tena. Ukienda Philadelphia utakuta hadithi hiyo hiyo kwenye uwanja wa ndani uliofunguliwa mwaka 1996: CoreStates, First Union, Wachovia, Wells Fargo. Kila badiliko kati ya majina hayo manne lilitokana na benki kuungana au kumezwa, hadi jina la benki lilipoondoka mwaka 2025.

Mabadiliko hayo yana gharama, na mkataba usiposema nani anazibeba, ukumbi ndio utakaozibeba. Kifungu kinachofaa husema hivi: benki ikiungana au ikinunuliwa, inaweza kubadilisha jina mara moja katika muda wote wa mkataba, kwa taarifa ya siku 180, kati ya misimu na si katikati yake, na inalipa kila senti, kuanzia herufi za ukutani hadi karatasi za barua. Badiliko la pili linaruhusiwa kwa ada ya ziada iliyotajwa kwa tarakimu. Jina jipya liwe la benki yenyewe, si la bidhaa yake wala kampeni yake. Bila sentensi hiyo ya mwisho, siku moja ukumbi wenu unaweza kuitwa kwa jina la mkopo wa nyumba.

Namna jina linavyowekwa nayo ina uzito. Benki itaomba jina lake lichukue nafasi yote. Ukumbi uombe jina la benki litangulie na la zamani libaki. Cleveland walifanya hivyo: KeyBank State Theatre. State bado ipo, na siku benki ikiondoka ni neno la mbele tu litakalotoka. Santa Rosa, California, waliondoa jina la mwanabustani Luther Burbank mwaka 2006 wakaweka Wells Fargo Center for the Arts. Mkataba ulipokwisha miaka kumi baadaye walirudi kwa Luther Burbank. Walikuwa na bahati ya kuwa na jina la kurudia. Ukumbi mpya uliozaliwa na jina la benki hauna, na wasimamizi wake hujikuta wakitafuta mdhamini mwingine kwa pupa kwa sababu hawajui wajiite nani.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni jina ni lenu. Avery Fisher aliipa Lincoln Center ya New York dola milioni 10.5 mwaka 1973 na ukumbi wa okestra ukapewa jina lake. Lincoln Center ilipotaka kuliuza upya jina hilo ili kupata fedha za ukarabati, ililazimika mwaka 2014 kukubali kuilipa familia dola milioni 15 ili iridhie. Mwaka uliofuata tajiri wa muziki na filamu David Geffen alitoa milioni 100, kwa hiyo hesabu ilikubali, lakini ni nadra kumpata Geffen. Pekueni hati za michango ya zamani, mkataba wa pango kama jengo ni la halmashauri, mkataba wa mkopo, na masharti ya urithi wa kihistoria. Hati moja ya miaka hamsini iliyosahaulika kabatini inaweza kuzuia mradi mzima.

Hesabu za bei

Tuseme benki inatoa 300,000 kwa mwaka kwa miaka 10, kwa sarafu yoyote. Taarifa kwa magazeti itasema "milioni 3". Lakini fedha ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo: kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 8 kwa mwaka, malipo hayo yana thamani ya takriban milioni 2.01 leo. Dai nyongeza ya asilimia 3 kila mwaka: mwaka wa kumi malipo yatakuwa karibu 391,400 na jumla itafika kama milioni 3.44. Nyongeza ya namna hiyo ni rahisi kuipata siku ya kwanza. Baada ya saini haipatikani.

Kisha fanyeni hesabu ambayo benki nayo inaifanya. Viti 2,000, maonyesho 150 kwa mwaka, viti vikijaa asilimia 70, ni watu 210,000. Malipo ya 300,000 ni kama 1.43 kwa kila anayeingia. Mkikuta benki inalipa zaidi ya hapo kwa bango la barabarani lisilo na mtu wa kuliangalia kwa dakika mbili, mmejiuza kwa bei ya chini. Tahadharini na ripoti za washauri zinazogeuza kila kutajwa kwa jina kuwa "thamani ya tangazo". Ripoti hizo huvimba kama unga wenye hamira nyingi, na benki yenye idara nzuri ya masoko haiziamini hata kidogo.

Mahali bei inapoliwa ni kwenye marupurupu. Benki inaomba tiketi 20 za bure kila onyesho, na kwenye meza ya majadiliano 20 huonekana si kitu. Zidisha kwa 150: tiketi 3,000. Kwa bei ya wastani ya 50, hiyo ni 150,000, yaani nusu ya malipo yote imerudi kwa mlipaji. Wekeni idadi ya mwaka mzima, tuseme 600, kwa kutuma maombi siku 30 kabla ya onyesho, na zisizochukuliwa zirudi kwenye mauzo. Tiketi za mauzo ya awali kwa wenye kadi za benki zisizidi asilimia 10 ya viti ambavyo ukumbi wenyewe unavimiliki, maana kwenye maonyesho ya ziara viti vingi ni vya mtayarishaji na hamna haki ya kuviahidi.

Kodi inategemea nchi, lakini swali halibadiliki: je, huu ni mchango au ni biashara? Marekani, ukumbi usio wa faida unaweza kupokea fedha ya udhamini bila kodi ya biashara ikiwa unamtambua mdhamini tu: jina, nembo, anwani. Ukisifia ubora wa huduma zake, ukataja riba zake, au ukawahimiza watu wafungue akaunti, umeingia kwenye matangazo. Kumpa mdhamini upekee wa kuuza huduma zake ndani ya ukumbi nako kunahesabiwa kuwa faida aliyopewa. Uingereza, mdhamini akipata kitu kama malipo ya fedha yake, VAT inahusika. Neno "mchango" kwenye kichwa cha mkataba halibadilishi lolote kati ya hayo.

Kifungu cha ufilisi ambacho hakilindi

Mikataba mingi ina sentensi iliyonakiliwa kutoka kwingine: mdhamini akifilisika, mkataba unakoma. Kwa kampuni ya kawaida, hata hiyo ni nusu ya ulinzi. Kodak ilikuwa imeahidi zaidi ya dola milioni 70 kwa miaka 20 ili jumba la tuzo za Oscar huko Los Angeles liitwe Kodak Theatre. Januari 2012 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mahakama ikairuhusu kuachana na mkataba. Oscar za mwezi uliofuata zilifanyika katika jengo lisilotajwa kwa jina la Kodak, na baadaye mwaka huo Dolby ikachukua nafasi. Angalieni nani aliyeamua: ni aliyefilisika.

Benki yenye amana zilizowekewa bima nchini Marekani haiendi hata kwenye mahakama hiyo. Inachukuliwa na shirika la bima ya amana, FDIC, na shirika hilo lina meno kuliko mfilisi wa kawaida. Linaweza kuukataa mkataba linaoona ni mzigo. Likiukataa, mtadai hasara halisi ya moja kwa moja iliyokuwepo siku benki ilipochukuliwa, na hamtalipwa faida mliyotarajia kwa miaka iliyobaki. Linaweza pia kuushikilia mkataba uendelee hata kama umeandikwa kwamba ufilisi unauvunja. Ulaya nako, maelekezo ya mwaka 2014 kuhusu mabenki yanayotetereka yanazuia mtu kuvunja mkataba kwa sababu tu benki imewekwa chini ya usimamizi, maadamu bado inalipa. Sentensi ambayo bodi iliitegemea inaweza kupuuzwa kisheria.

Kinga ni fedha kuingia mapema. Malipo ya mwaka yalipwe kabla msimu haujafunguliwa, kwa mkupuo mmoja au miwili, wala yasigawanywe kwa robo baada ya robo. Haki ya kuvunja ifungwe kwenye malipo yaliyochelewa zaidi ya siku 10 za kazi, isifungwe kwenye neno ufilisi. Mkiomba dhamana ya benki kwa malipo ya baadaye, itoke benki nyingine. Inasikika kama mzaha, lakini kuna rasimu ambazo benki inajidhamini yenyewe, na siku itakayokwama karatasi hiyo itakwama nayo. Msitegemee muda wa taarifa pia. Silicon Valley Bank ilitangaza hasara yake jioni ya tarehe 8 Machi 2023, na tarehe 10 asubuhi ikawa imefungwa. Kifungu cha siku 30 hakina kazi hapo.

Jambo la mwisho katika hili hupitwa na karibu kila mtu. Benki inayotoa jina mara nyingi itataka pia akaunti zenu, na pengine itawapa mkopo wa ukarabati. Unganisheni nyuzi hizo tatu na mmejifunga kwenye mti mmoja. Bima ya amana Marekani inaishia dola 250,000 kwa mwenye akaunti katika benki moja, na fedha za tiketi zilizouzwa kabla ya msimu hupita hapo ndani ya wiki moja. Mkopo wenu ukiwa na kasoro, benki inaweza kukata deni lake kutoka kwenye ada ya jina. Andikeni wazi kwamba ada ya jina hailipii mkopo wala haisubiri mkopo, na kwamba kuchelewesha kimoja hakuvunji kingine. Fedha za tiketi zikae benki nyingine kabisa, hata kama meneja wa tawi atanuna.

Herufi ukutani

Mafundi wa mabango wana kanuni: sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali wa kusoma kwa raha. Mkitaka jina lisomeke kutoka mita 60 ng'ambo ya barabara, herufi ziwe za sentimita 50. Jina la herufi 18 kwa ukubwa huo linahitaji ukanda wa mita 7 hivi. Kuta nyingi za majumba ya zamani hazina mita 7 tupu, na hapo ndipo benki huanza kupendekeza bango la kusimama juu ya paa. Hapo mwiteni mhandisi wa majengo kwanza, kwa sababu bango la juu linabeba nguvu ya upepo na kuipeleka kwenye paa ambalo halikujengwa kwa kazi hiyo. Kama jengo limeorodheshwa kuwa la kihistoria, kibali kinaweza kuchukua muda kuliko mkataba wenyewe. Malipo yasianze kuhesabiwa tangu bango liwake, bali tangu saini. Vinginevyo ucheleweshaji wa ofisi ya mipango miji unawagharimu nyinyi.

Herufi zisifungwe moja moja kwenye jiwe. Ziwekwe juu ya reli, na reli itobolewe kwenye viungo vya chokaa kati ya mawe, ambavyo vinazibika bila kuonekana. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, la sivyo baada ya miaka mitatu kila herufi italia machozi ya kahawia ukutani. Hata zikifungwa vizuri, miaka kumi ya vumbi na mvua huacha kivuli: jiwe lililojificha nyuma ya herufi hubaki jeupe, na jina la benki iliyoondoka linasomeka bila herufi zenyewe. Mkataba useme benki inalipia kusafisha ukuta mzima, si sehemu ya bango tu, na ukuta upigwe picha siku ya kwanza ili pasiwe na ubishi.

Taa nazo. Benki itadai herufi iliyozimika itengenezwe ndani ya saa 48, na inaeleweka, kwani herufi moja ikifa jina linaweza kugeuka tusi. Kubalini siku 10 za kazi, hifadhini vipuri viwili vya umeme wa taa, na pateni ruhusa ya kuzima bango zima badala ya kuacha jina bovu likiwaka.

Tengenezeni mapema orodha ya kila mahali jina linapotokea: tiketi, barua pepe za mfumo wa tiketi, ramani za simu, alama za barabarani ambazo mamlaka ya barabara inaweza kukataa kuzibadilisha, fulana za wahudumu, vikombe, ujumbe wa simu ya mapokezi. Anwani ya tovuti na akaunti za mitandao ya kijamii zibaki za jina lisilo la benki, zimilikiwe na ukumbi. Ukumbi uliohamia anwani yenye jina la benki hugundua siku ya kuachana kwamba viungo vyote vya miaka kumi vinaelekea kwenye mlango uliofungwa.

Wasanii na washindani

Benki hupenda kuandika kwamba upekee wake ni katika "huduma za kifedha". Maneno hayo yanameza bima, pesa za simu, mitandao ya kadi, mifuko ya uwekezaji na kampuni za sarafu za kidijitali. Punguzeni hadi "benki zinazopokea amana na kukopesha watu binafsi". Kisha ondoeni mambo matatu: wadhamini wa ziara wanaokuja na onyesho lao, makubaliano ya kadi ambayo kampuni yenu ya tiketi tayari inayo, na wapangaji binafsi. Siku benki shindani itakapokodi ukumbi kwa mkutano wake mkuu wa wanahisa, mtafurahi kwamba mliandika hilo.

Mikataba ya wasanii wengi inakataza jina au sura yao kuonekana kana kwamba wanaidhinisha bidhaa. "Katika ukumbi wa benki fulani" inapita. "Benki fulani inakuletea" kabla ya jina la msanii haipiti bila idhini ya maandishi. Nembo isiingie jukwaani wala kwenye fremu ya jukwaa inayopigwa picha za televisheni. Na benki inaweza kuwa tatizo yenyewe: mwaka 2024 wasanii kadhaa walijitoa kwenye matamasha ya Uingereza yaliyodhaminiwa na Barclays kwa sababu ya uhusiano wake na kampuni za silaha zinazoiuzia Israel, na Barclays ikasimamisha udhamini wa matamasha ya Download, Latitude na Isle of Wight. Tamasha linaweza kung'oa mabango usiku mmoja. Ukumbi wenye jina ukutani hauwezi. Kwa hiyo kifungu cha sifa, kile kinachomruhusu mmoja kujitoa mwenzake akijiharibia jina, kiende pande zote mbili, benki isiwe na neno lolote kuhusu ratiba ya maonyesho, na haki yake ya kujitoa ifungwe kwenye hukumu au uamuzi rasmi, isifungwe kwenye kelele za mtandaoni.

Siku ya mwisho ya mkataba mpeane siku 90 za kumaliza akiba ya vikombe na karatasi. Haki ya kulitaja jina la zamani kwenye rekodi, albamu na programu zilizokwisha kuchapwa iwe ya kudumu. Benki ipewe nafasi ya kwanza ya kuzungumza upya kwa siku 60, wala si haki ya kulinganisha ofa ya mwingine, kwa sababu hakuna mdhamini mpya atakayehangaika kuandaa ofa akijua inaweza kunyakuliwa. Na zile herufi zenyewe, andikeni ni mali ya nani zikishashushwa. Kuna benki zinazozitaka, kuna zinazosahau, na herufi 18 za chuma za nusu mita zikikosa mwenyewe hukaa miaka mingi nyuma ya jukwaa, zikizuia njia ya kupitisha mandhari.